Somo, Fungate na Ridhaa ya Ndoa

Watu wa pwani yetu, tangu Lamu na Pate hata Unguja na Bagamoyo, hawakuiachia bahati raha ya ndoa. Waliihesabu kuwa ni ilimu, yenye mwalimu wake, muda wake na adabu zake.

Mwalimu wa mke alikuwa somo, ambaye pengine huitwa kungwi: mwanamke mtu mzima asiyekuwa mama mzazi, kwa kuwa mama huona haya kumweleza mwanawe mambo ya faragha, na binti huona haya kumwuliza. Alimpokea mwari alipovunja ungo, akamfunda usafi, kauli njema na kuhifadhi siri ya nyumba. Na arusi ilipowadia, alimsinga kwa liwa, akamtia hina, akamfukiza udi, kisha akawa karibu naye fungate nzima, siku 7 ambazo maarusi hawakuwa na shughuli ila kuzoeana. Hata baada ya hapo kazi yake haikwisha, maana mke aliyeudhika alimwendea somo kabla habari haijafika kwa kadhi, naye akanena na pande zote mbili, kwa namna inayowafikiana na Kurani, katika Sura ya An-Nisaa, inayoamrisha kuteua mwamuzi mmoja katika jamaa za mume na mmoja katika jamaa za mke.

Mafunzo hayo yalipata sauti yake iliyo kuu mwaka 1858, wakati Mwana Kupona binti Msham, mjane wa Bwana Mataka aliyetawala Siyu, alipokuwa mgonjwa akamtungia binti yake Mwana Hashima utendi wa wasia. Humo amezitaja radhi 5 za kutafutwa, ya Mungu, ya Mtume, ya baba, ya mama na ya mume, akashuhudia kwamba yeye na mumewe waliishi kwa furaha, na kwamba mauti yalipomfikia mume alimkariria radhi yake.

Insafu yatulazimisha kukiri kwamba mzigo wa kutafuta radhi uliwekwa zaidi mabegani mwa mwanamke, na mume hakufundwa kwa kadiri ile ile. Kwa hiyo anayetaka kuihuisha desturi hii, nayo yafaa kuhuishwa, awape wote wawili mwalimu, muda wa kuzoeana na msuluhishi mwaminifu. Kwani raha inayodaiwa kwa wawili haiwezi kufunzwa kwa mmoja.