Ushairi Mbele ya Umma: Toka kwa Muyaka hata Ngonjera

Husemwa mara nyingi kuwa ushairi ni mali ya wachache waliosoma. Historia ya Kiswahili haikubali neno hilo. Mara tatu, kwa uchache, ushairi wetu ulitolewa ndani ukapelekwa mbele ya umma, na kila mara ulipata kitu na kupoteza kitu.

Mara ya kwanza ilikuwa Mombasa, zama za Muyaka bin Haji, aliyefariki mwaka 1840. Tungo nyingi zilizohifadhiwa kwa maandishi kabla yake zilikuwa za dini. Muyaka alitunga juu ya mapenzi, njaa, biashara, na vita vya Wamazrui na Seyyid Said. Watu waliyashika mashairi yake kwa moyo. Ndiyo sababu Mwalimu Sikujua na W. E. Taylor waliweza kuyakusanya miaka mingi baadaye. Diwani yake haikupigwa chapa mpaka 1940. Muda wote huo umma ndio uliokuwa kitabu.

Mara ya pili chombo kilikuwa gazeti. Mambo Leo lilianza kutolewa Dar es Salaam mwaka 1923 na Idara ya Elimu ya Tanganyika. Kurasa zake zilimwezesha karani wa bara kumjibu mwalimu wa pwani kwa vina na mizani. Gazeti lilikuwa la watawala, na kauli ya kuwapinga haikutazamiwa humo. Hata hivyo mlango ulipanuka, wakaingia wengi ambao Kiswahili hakikuwa lugha ya mama zao.

Mshairi wa namna hiyo alikuwa Mathias Mnyampala, Mgogo aliyezaliwa mwaka 1917 katika nchi ya Dodoma. Azimio la Arusha lilitangazwa 1967, na mwaka uliofuata Rais Nyerere aliwaomba washairi walieleze kwa wananchi. Mnyampala, kiongozi katika chama cha UKUTA, yaani Usanifu wa Kiswahili na Ushairi Tanzania, alichagua ngonjera: majibizano ya beti yasemwayo kwa vitendo mbele ya watu. Alifariki 1969, vitabu vya Ngonjera za UKUTA vilitoka 1970 na 1971. Ushairi ukawa kazi ya watoto wa shule, na asiyejua kusoma akaupata kwa masikio na macho.

Lakini yatupasa kupima. Katika majibizano ya kale, mshairi alipotupa swali hakujua atajibiwa nini wala na nani. Katika ngonjera ya namna hii, mbishi huanza kwa kukataa na huishia kwa kukubali. Hukumu imekwisha andikwa kabla ya shauri kusikilizwa. Umma ulipewa sauti, lakini jibu lilikuwa limetungwa tayari.

Haya hayamwondolei Mnyampala sifa. Masharti ya Azimio yalilegezwa Zanzibar mwaka 1991, lakini ngonjera ingali hai katika sherehe za shule, maana watu waliipenda kwa umbo lake kuliko kwa amri iliyoileta. Basi atakaye kuupeleka ushairi kwa umma asihesabu wasikilizaji tu. Na aulize pia: je, akiinuka mmoja wao na ubeti wa kupinga, atapewa nafasi ya kuusema?