Chama Kilichozaa Makumbusho: Historia Fupi ya Chama cha Historia Asilia, Nairobi

Makumbusho ya Taifa ya Nairobi, ambayo leo huendeshwa na shirika la umma lililoundwa kwa sheria, hayakuanzishwa na serikali, bali yalitokana na Chama cha Historia Asilia cha Afrika Mashariki na Uganda, kilichoundwa mwaka 1909 na watu wa kujitolea. Historia asilia, kwa maana waliyoikusudia waasisi hao, ni elimu ya wanyama, mimea, mawe na masalia ya kale kama yanavyopatikana katika nchi yenyewe. Waliojihusisha nayo walikuwa walowezi, wamisionari na maofisa wa utawala wa kikoloni, ambao wengi wao walikuwa na kazi nyingine ya kuwapatia riziki; miongoni mwao alikuwamo Frederick Jackson, mjuzi wa ndege aliyekuja kuwa gavana wa Uganda, na C. W. Hobley, aliyeandika pia juu ya mila za Wakamba.

Mwaka 1910 chama kilianza kuchapisha jarida lake, na mwaka huohuo kikafungua makumbusho katika nyumba ndogo iliyokuwa mahali palipojengwa baadaye Nyayo House. Kazi hizo mbili hazifai kutazamwa mbalimbali, kwa kuwa jarida lilieleza kile ambacho makumbusho yalihifadhi. Mtu akidai kwamba ndege au nyoka fulani ni wa aina isiyojulikana bado, dai lake hubaki maneno matupu mpaka kiwepo kielelezo, yaani ngozi, mfupa au mwili uliokaushwa na kuandikiwa mahali na siku ulipopatikana, ambacho mtaalamu mwingine anaweza kukichukua mkononi na kukipima upya hata baada ya miaka mia. Vielelezo hivyo ndivyo vilivyokilazimisha chama kuwa na nyumba, kwani wadudu waharibifu na unyevu haviwasubiri wanachama wamalize shughuli zao za mchana.

Kwa sababu hiyo chama kilihitaji mhifadhi, mtu ambaye kazi yake ni kupanga vielelezo na kuvilinda, na mwaka 1914 aliwasili Arthur Loveridge, mtaalamu wa nyoka na vyura, ingawa Vita vya Kwanza vya Dunia vilimchukua muda mfupi baadaye. V. G. L. van Someren, tabibu aliyezama katika elimu ya ndege na vipepeo, aliubeba mzigo huo kwa miaka mingi. Mkusanyo ulipozidi nafasi, chama kilihamia mwaka 1922 katika jengo kubwa zaidi, mahali ilipo sasa hoteli ya Serena. Mwaka 1929 serikali ya kikoloni ikatenga ardhi kwenye kilima kinachoitwa hadi leo Museum Hill, na tarehe 22 Septemba 1930 jengo jipya likafunguliwa kwa jina la Gavana Robert Coryndon, rafiki mkubwa wa chama, aliyefariki mwaka 1925. Baadaye uendeshaji wa makumbusho ulitoka mikononi mwa chama na kuwaangukia wadhamini, yaani watu wanaokabidhiwa mali waitunze kwa niaba ya umma.

Neno umma, hata hivyo, lilikuwa na mipaka iliyoumiza. Waafrika waliojua njia za wanyama, waliotega, waliochuna na waliobeba, ndio waliowezesha sehemu kubwa ya mkusanyo huo, lakini mara nyingi karatasi iliyofungwa mguuni mwa ndege ilibeba jina la Mzungu peke yake, na pengo hilo la kumbukumbu ni hasara ya kielimu sawa na lilivyo dhuluma. Louis Leakey, aliyekuwa mhifadhi bila mshahara kuanzia mwaka 1941 kabla ya kuajiriwa rasmi mwaka 1945, ndiye aliyeifungua milango kwa watu wa rangi zote.

Karibu na mwaka 1950 hebaria ya Afrika Mashariki, yaani hazina ya mimea iliyokaushwa, ilihamishwa kutoka Amani, katika milima ya Usambara, ikajengewa makao kwenye kilima hichohicho. Jina la Coryndon liliondolewa mwaka 1964, na tangu mwaka 1969 taasisi hiyo ikaanza kusimamia makumbusho ya nje ya Nairobi pia.

Chama chenyewe hakikufa kwa kupokonywa nyumba. Sasa kinajulikana kwa jina la Nature Kenya, ofisi zake zimo katika viwanja vya makumbusho, maktaba yake inatumiwa kwa ubia na taasisi kiliyoizaa, na jarida lililoanza mwaka 1910 lingali linachapishwa kwa jina lililofupishwa. Kila Jumatano asubuhi wanachama na wageni hukutana hapo kilimani, wakiwa na darubini, kwenda kutazama ndege wa jiji na viunga vyake.