Moto wa Istanbul na Suala la Bima ya Nyumba katika Fiqhi

Kila linapotokea janga la moto au la jengo kuanguka, tunalisikia tena swali lile lile: je, inajuzu kwa Muislamu kuikatia bima nyumba yake au vyombo vyake? Liliulizwa Soko Kuu la Kariakoo lilipoungua Julai 2021. Likaulizwa tena Novemba 2024, pale jengo la ghorofa lilipoporomoka Kariakoo hiyo hiyo na wapangaji, waliosalimika, wakabaki na nguo walizovaa tu. Jibu linalotolewa kwa haraka ni kwamba Ibn Abidin aliharamisha, na mazungumzo yanaishia hapo. Jibu hilo si uongo, lakini ni fupi mno. Ili tulielewe inatupasa kurudi kwenye historia, na historia yenyewe inaanzia kwenye mji wa mbao.

Istanbul ya Maothmani, ukiacha misikiti, masoko makubwa na majumba ya wakubwa, ilikuwa mji wa nyumba za mbao zilizobanana. Moto wa mwaka 1660 uliteketeza sehemu kubwa ya mji huo. Sasa, nyumba nyingi na maduka mengi yalikuwa ni wakfu, na wakfu una kanuni zake: hauuzwi, haurithiwi, na jambo la kwanza linalotolewa katika mapato yake ni ukarabati wa ile mali yenyewe, hata kama aliyeweka wakfu hakulitaja sharti hilo. Lakini nyumba iliyogeuka majivu haina mapato. Msimamizi wa wakfu atajenga kwa fedha gani?

Wanazuoni wa Kihanafi wa dola ile walikubali njia iliyokuja kuitwa ijaratayn, yaani kodi mbili. Mpangaji alitoa kwanza kiasi kikubwa, karibu na thamani ya mali, mfano wa kile tunachokiita kilemba, na fedha hizo zikatumika kujenga upya. Kisha akalipa kodi ndogo kila mwaka, akakaa muda mrefu sana, na haki yake ya kukaa ikaweza kuhamishiwa wengine. Wakfu ukaokoka. Ila tuliangalie jambo hili vizuri: mzigo wa moto ulihamia kwa mpangaji. Yeye ndiye aliyejenga, na moto uliofuata ulimkuta yeye. Wako watu wanaousifu mpango huu kama kwamba haukuwa na aibu yoyote. Sisi tunaona ulikuwa dawa ya dharura iliyogeuka kuwa ada.

London nako, baada ya moto wa 1666 ulioteketeza nyumba zipatazo 13,200, wapangaji wengi walijikuta wamefungwa na mikataba ya kujenga upya nyumba zisizokuwepo tena, ikabidi mwaka 1667 iundwe mahakama maalumu ya kugawa hasara kati yao na wenye nyumba. Katika miaka ya 1680 ndipo zikaanza ofisi za bima ya moto mjini humo.

Bima hiyo ilifika kwa Waislamu kwanza kwa njia ya bahari. Ibn Abidin wa Damascus (aliyefariki mwaka 1252 H./1836) aliandika katika Radd al-Muhtar kuhusu ada ya wafanyabiashara wanaokodi chombo, kisha wakamlipa mtu wa nchi ya kigeni fedha maalumu iitwayo sawkara, ili naye awalipe iwapo mali itaungua, itazama au itaporwa. Akasema si halali kwa mfanyabiashara kuchukua fidia hiyo, kwa kuwa ni kujilazimisha lisilolazimu. Akalijadili pia suala la mtu anayemwambia mwenziwe apite njia fulani kwani ni salama, na mali ikichukuliwa yeye ni mdhamini. Huyo, kwa Mahanafi, hulipa, kwa sababu amemghuri mwenziwe. Mwenye sawkara hakumghuri mtu.

Tarehe 5 Juni 1870 moto uliunguza mtaa wa Pera, Istanbul, ukaangamiza maelfu ya majengo na roho za mamia ya watu. Baada ya msiba huo kampuni za Kiingereza za bima ya moto zikafungua milango yake katika mji wa Khalifa. Hapo suala likaacha kuwa la merikebu, likawa la nyumba na duka. Sheikh Muhammad Bakhit al-Muti'i, aliyekuja kuwa Mufti wa Misri mwaka 1914, aliandika risala juu yake. Hoja yake ni nyepesi kuifuata: dhamana katika sheria huja kwa kafala au kwa uharibifu na uvamizi, kampuni haikumdhamini mtu mwingine, wala haikuichoma nyumba. Basi inalipa kwa msingi upi? Na kwa kuwa janga huenda likatokea na huenda lisitokee, mkataba huo kwa maana yake ni kamari.

Mwaka 1961, katika wiki ya fiqhi iliyofanyika Damascus, Sheikh Mustafa al-Zarqa alisimama upande wa pili. Aliilinganisha bima na aqila, yaani jamaa wanaobeba pamoja diya ya kosa la mmoja wao, na pia na ile dhamana ya hatari ya njia. Sheikh Muhammad Abu Zahra akampinga. Mjadala ulikuwa mkali, na tunakiri kwamba hoja za al-Zarqa zina uzito kuliko zinavyopewa huku kwetu. Hata hivyo wengi hawakuwa pamoja naye. Baraza la Fiqhi la Makka mwaka 1398 H. (1978) liliharamisha bima ya kibiashara, yeye peke yake akitoa rai tofauti, na Majma' ya Jeddah ikafuata Desemba 1985. Lakini, na hapa ndipo wasemaji wetu wa haraka wanapokosea, mabaraza yote mawili yalipitisha bima ya ushirikiano: watu wanachanga kwa nia ya kusaidiana, na fidia hutoka katika mfuko wa wachangaji wenyewe. Mtume (s.a.w.) aliwasifu Ash'ari kwa jambo linalofanana na hilo: chakula kinapopungua hukikusanya chote katika nguo moja, kisha wakagawana sawasawa. Sudan ilianzisha kampuni ya namna hiyo mwaka 1979. Kenya ilipata takaful yake mwaka 2011.

Limebaki suala la mpangaji, ambalo kwa kawaida husahauliwa. Katika ijara, mpangaji ni mwaminifu juu ya nyumba. Ikiungua bila ya yeye kufanya uzembe au uvamizi, halipi. Ikibomoka yote, mkataba unavunjika kwa muda uliobaki na kodi inasita. Hiyo ni rehema kwake. Lakini upande wa pili wa kanuni hiyo ni kwamba mwenye nyumba naye hadhamini kitanda, cherehani wala bidhaa za mpangaji, maadamu hakusababisha uharibifu. Ni mali mbili za watu wawili chini ya paa moja. Mwenye nyumba akijiunga na takaful ya jengo, mfuko utalijenga jengo lake, na mpangaji hatapata kitu mpaka awe na mkataba wake wa vyombo. Tena mikataba ya moto mara nyingi haigusi mafuriko, tetemeko wala kuporomoka kwa jengo ila kwa nyongeza inayoandikwa waziwazi. Asomaye neno "moto" asidhani ameandikiwa "msiba wowote".

Na wale wanaonunua nyumba kwa benki za Kiislamu kwa njia ya ijara inayoishia kwenye umiliki, nao waangalie nani anayetozwa mchango wa jengo. Majma' ilipokutana Riyadh mwaka 2000 iliamua kwamba bima ya kitu kilichokodishwa kwa njia hiyo iwe ya ushirikiano, na gharama yake ibebwe na mmiliki aliyekodisha, si na mkodishwaji.