Bundi
nm. [a-/wa-], wingi: bundi. Pia: babewatoto.

Ndege wa usiku alaye nyama, mwenye kichwa cha mviringo na macho yaelekeayo mbele. *Bundi wawili walilia mkwajuni.*

Matumizi. Neno hili hujumuisha spishi nyingi. Hivyo mfasiri asiishie hapo pale matini inapotaka ndege atambulikane. Bundi wa msituni apatikanaye Unguja (*Strix woodfordii*) ana urefu wa takriban sentimita 30 hadi 35, macho ya kahawia iliyokoza, wala hana vishungi kichwani. Bundi wa Pemba (*Otus pembaensis*), aliyeelezwa kisayansi na Pakenham mwaka 1937, ni mdogo zaidi. Ana vishungi vifupi na macho ya manjano, na hapatikani popote ila kisiwani Pemba. Kuandika “bundi wa Zanzibar” tu ni kuwachanganya wawili hao.

Tanbihi. Kwa Waswahili wengi, mlio wa bundi ni ishara ya nuhusi. Matini ya kigeni inapomfanya nembo ya hekima, tafsiri sisisi itampotosha msomaji: hekima hiyo itajwe waziwazi.