Rungu la Msomaji Asiyejulikana

Mhadhiri anayengoja kupanda cheo, awe Mlimani, Makerere au Nairobi, anaifahamu barua ile. Inaanza kwa shukrani, inafuata "hata hivyo", kisha maoni ya wasomaji wawili wasiotajwa majina. Msomaji wa kwanza karidhika kiasi. Msomaji wa pili hakuona kitu. Baada ya miezi minane, pengine mwaka na zaidi, mswada umerudi, na aliyeukataa hajulikani ni nani, yuko wapi, wala kama aliusoma mpaka mwisho.

Wengi wetu tunaupokea utaratibu huu kama sheria ya tangu na tangu, kana kwamba sayansi ilizaliwa nao. Haikuzaliwa nao. Jarida la Nature, ambalo mtafiti akichapishwa humo hupigiwa makofi na chuo kizima, lilianza kumlazimisha kila mwandishi apite kwa wasomaji wa nje mwaka 1973. Wakati huo Mlimani tayari kulikuwa na wahitimu waliokwisha kuwa wakubwa serikalini.

Jarida la kwanza la sayansi kwa Kiingereza, Philosophical Transactions, lilitoka London tarehe 6 Machi 1665, miezi miwili baada ya Journal des sçavans la Paris. Mwenyewe alikuwa Henry Oldenburg, Mjerumani wa Bremen aliyekuwa katibu wa Royal Society, chama cha wanasayansi cha London. Nasema mwenyewe kwa sababu jarida lilikuwa lake: faida yake, hasara yake. Bodi ya wahariri hakuwa nayo. Alichambua barua alizoletewa na wanazuoni wa Ulaya, akatafsiri, akafupisha, akapeleka kwa mchapaji. Mwaka 1667, Uingereza ikiwa vitani na Uholanzi, barua zake za nje zilimponza, akafungwa katika Mnara wa London. Alipoachiwa akaendelea na jarida lake.

Kwa karibu miaka tisini kazi hiyo ilipita mikononi mwa katibu mmoja hadi mwingine. Kilichokuja kubadilisha mambo ni aibu. John Hill, tabibu na mjuzi wa mimea mwenye ulimi mkali, ambaye Royal Society haikumpa uanachama, alichapisha mwaka 1751 kitabu kizima cha kuanika upuuzi uliochapwa na jarida hilo. London ikacheka. Mwaka uliofuata Royal Society ikalitwaa jarida, ikaunda Kamati ya Makala, na wajumbe wakawa wanapiga kura ya siri juu ya kila mswada, bila mabishano. Ikatoa na tangazo kwamba chama chenyewe hakina msimamo juu ya jambo lolote, na kwamba ukweli wa yaliyoandikwa ni juu ya mwandishi. Kila unaposoma leo kwenye jalada la ndani kwamba maoni yaliyomo ni ya waandishi wala si ya chuo, hilo ni jambo la mwaka 1752.

Tazama basi kamati ile iliundwa kumlinda nani. Ililinda jina la chama lisichekwe. Mwandishi hakuwamo katika hesabu hiyo, na ninavyoisoma historia hii, kuingizwa kwake kumechukua muda mrefu kupita kiasi.

Msomaji wa nje, aandikaye ripoti, alikuja baadaye. Mwaka 1831 William Whewell wa Cambridge alipendekeza kila mswada usomwe na wataalamu wawili, waandike ripoti, na ripoti hizo zichapishwe hadharani. Hakuwa na nia ya kukamata wakosaji. Alitaka sayansi itangazwe, na aliamini ripoti nzuri huweza kumvutia msomaji kuliko makala yenyewe. Wa kwanza kupimwa alikuwa George Airy, aliyeandika kuhusu mwendo wa Dunia na Zuhura. Whewell alitaka kuisifu kazi hiyo kwa mapana. Mwenzake, John William Lubbock, akaingia moja kwa moja kwenye hesabu na kuanza kutaja kasoro. Wakavutana, mpaka Lubbock akakubali kutia saini ripoti ya sifa, iliyotoka mwaka 1832. Lakini haikupita miaka mingi, mkondo ukafuata tabia ya Lubbock. Ripoti zikawa za siri, majina yakafichwa, na kazi ya msomaji ikawa kutafuta kosa.

Ubaya wa siri hiyo ulimfika John James Waterston, na kisa chake kinastahili kusimuliwa kwa utuvu.

Waterston alikuwa mhandisi wa Edinburgh aliyekwenda Bombay kuwafundisha vijana wa jeshi la majini la Kampuni ya Mashariki ya India. Mwishoni mwa 1845 alituma London mswada uliodai kwamba gesi ni chembe ndogo zisizohesabika zinazokwenda huku na huko kwa kasi, zikigongana, na kwamba joto ni mwendo wa chembe hizo. Leo mwanafunzi wa sekondari huliandika hili kwenye mtihani bila kufikiri mara mbili. Mswada ukapewa wasomaji wawili. Mmoja alikuwa yule yule Lubbock. Jibu lake lilikuwa fupi: upuuzi mtupu, haufai hata kusomwa mbele ya wanachama.

Muhtasari mfupi ulichapwa mwaka 1846. Mswada wenyewe ukabaki kabatini, kwa sababu kazi iliyokwisha kusomwa kikaoni ilihesabiwa mali ya chama, na mwandishi hakurudishiwa. Waterston hakuwa na nakala nyingine. Alikuwa mbali kwa safari ya miezi baharini, hana cheo, hana rafiki ndani ya kamati wa kumwuliza kulikoni. Miaka ya 1850 na 1860 Rudolf Clausius na James Clerk Maxwell wakalifikia wazo lile lile kwa njia zao, na sifa zikawa zao. Waterston alirudi Scotland, akazidi kujitenga na vyama vya wasomi. Juni 1883 alitoka nyumbani Edinburgh kwenda kutembea, hakuonekana tena.

Mwaka 1891 Lord Rayleigh, aliyekuwa katibu wa Royal Society, aliukuta mswada huo katika nyaraka za zamani. Ulichapishwa mwaka uliofuata, na Rayleigh mwenyewe akauandikia utangulizi. Alisikitika, alikiri kwamba fizikia ilicheleweshwa. Lakini humo humo akatoa ushauri unaoniudhi kila niusomapo: kijana anayejiona ana uwezo mkubwa afadhali aanze na kazi ndogo ambayo thamani yake hupimika kwa urahisi, apate jina kwanza. Yaani aliyedhulumiwa ndiye anayefundishwa adabu. Na Rayleigh alikuwa na sababu zake za kujua jina linavyofanya kazi. Wasifu wake ulioandikwa na mwanawe unaeleza kuwa safari moja mswada wake uliwasilishwa bila jina, ukakataliwa kama kazi ya mtu wa vioja. Mwandishi alipojulikana, ukaonekana una maana.

Sitaki kumnyima msomaji wa siri haki yake. Mwaka 1936 Albert Einstein na Nathan Rosen walipeleka kwa Physical Review ya Marekani mswada uliodai mawimbi ya mvutano hayapo. Mhariri, John Tate, akaupeleka kwa mtaalamu, ambaye baadaye ilijulikana ni Howard Percy Robertson. Akaona kosa. Einstein alikasirika kwamba kazi yake imeonyeshwa mtu kabla ya kuchapwa, akaiondoa. Ilipotoka katika jarida jingine mwaka 1937, hitimisho lilikuwa limegeuzwa. Msomaji alikuwa sahihi, na hasira ya mkubwa haikubadilisha hesabu. Aliyesema Einstein asipimwe angemharibia Einstein.

Hata hivyo, Watson na Crick walipochapisha umbo la DNA katika Nature mwaka 1953, hapakuwa na msomaji wa nje. Baada ya vita kuu ya pili makala zilifurika, mashine za kunakili zikarahisisha kupeleka mswada mmoja kwa watu watatu, na miaka ya 1970 wanasiasa wa Marekani wakaanza kuuliza fedha za utafiti hugawiwa kwa vigezo gani. Hapo ndipo hukumu ya wanataaluma wenza ilipopanda kutoka desturi ya baadhi ya majarida hadi kuwa muhuri wa sayansi nzima.

Muhuri wenyewe ulipojaribiwa ulitia mashaka. Mwaka 1982 Douglas Peters na Stephen Ceci walieleza walivyochukua makala 12 za saikolojia zilizokwisha kuchapishwa na watafiti wa vyuo vyenye jina, wakabadilisha majina na vyuo kuwa vya kubuni, wakazituma tena kwa majarida yale yale. Makala tatu zilitambuliwa. Kati ya tisa zilizopita bila kutambuliwa, nane zilikataliwa, na mara nyingi sababu ilikuwa udhaifu wa mbinu za utafiti.

Kwetu Afrika Mashariki kuna sura nyingine ya kupima miswada, nayo ilianza nje ya chuo. Mkutano wa Mombasa wa 1928 ulikichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na tarehe 1 Januari 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki. Pamoja na kusanifisha maneno, kamati ilikagua vitabu vilivyokusudiwa kwa shule na kuvipa idhini. Mwandishi wa Lamu au Mvita aliyeandika kwa lahaja ya mama yake alipimwa kwa kipimo kilichokatwa kwingine. Kamati hiyo ilihamahama, na mwaka 1964 ikaingia Chuo Kikuu Dar es Salaam na baadaye kuwa TUKI (Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili), leo TATAKI (Taasisi ya Taaluma za Kiswahili). Taarifa yake ya zamani ndiyo iliyokua ikawa jarida la Kiswahili. Kwa hiyo jarida letu kongwe la lugha limetoka katika nyumba ambayo kazi yake ya awali ilikuwa kuamua kipi kipite na kipi kisipite. Si kosa lake, lakini ni vizuri wahariri wake wakajua wametoka wapi.

Maadili ya uchapishaji kama tunavyoyaandika leo yalitokana zaidi na kashfa za tiba. Azimio la Helsinki la 1964, kuhusu utafiti wa tiba kwa binadamu, liliporekebishwa Tokyo mwaka 1975, liliongezwa sharti kwamba utafiti uliovunja kanuni zake usikubaliwe kuchapishwa. Ghafla mhariri akawa mlinzi wa mgonjwa. Kisha London, Agosti 1994, jarida la uzazi la Uingereza likachapisha habari ya daktari Malcolm Pearce aliyedai kuihamisha mimba iliyotunga nje ya mfuko wa uzazi na mtoto kuzaliwa salama. Mgonjwa huyo hakuwepo. Geoffrey Chamberlain, ambaye jina lake lilibandikwa kama mwandishi mwenza, alikuwa mkuu wa idara ya Pearce, rais wa chuo cha kitaifa cha madaktari wa uzazi, na mhariri wa jarida lenyewe. Pearce alifutwa katika orodha ya madaktari mwaka 1995, Chamberlain akajiuzulu. Mwaka 1997 wahariri wa majarida ya tiba wa Uingereza wakaunda kamati ya maadili ya uchapishaji, COPE, ambayo miongozo yake leo imenakiliwa kwenye majarida mengi ya vyuo vyetu.

Jambo la jina la kubandikwa linatuhusu. Msimamizi asiyeandika hata aya moja lakini jina lake linatangulia la mwanafunzi: nani kati yetu hajaliona? Miongozo inalikataza waziwazi. Mwanafunzi anayetaka shahada yake hana pa kulalamikia.

Halafu yakaja majarida uchwara, ambayo mkondo wake ni mmoja: lipa ada, utachapishwa wiki ijayo. Mwaka 2013 mwandishi wa jarida la Science, John Bohannon, aliyatumia majarida 304 ya mtandaoni mswada wa uongo kuhusu dawa ya saratani, wenye makosa ambayo mwanafunzi wa kemia angeyaona. Majarida 157 yaliukubali, 98 yakaukataa. Katika yaliyokubali yalikuwamo yaliyo chini ya wachapishaji wakubwa kama Elsevier na Sage. Lakini jicho langu limekwama kwenye majina. Bohannon aliwabuni waandishi kwa kuchanganya majina ya Kiafrika na kuwapa taasisi za kufikirika, mojawapo Asmara, akieleza kuwa mhariri akitafuta habari zao mtandaoni na kukosa, hatashtuka. Mtafiti wa Afrika asiyejulikana ndiye aliyekuwa kificho bora. Waterston aliachwa kwa sababu hana jina. Hapa kukosa jina kwetu kulionekana jambo la kawaida kiasi cha kutumika kama mtego.

Vyuo vyetu vimejibu kwa kukaza masharti upande wa mwandishi: programu za kunasa wizi wa maandishi, orodha za majarida yanayotambuliwa, pointi za kupandia cheo. Sawa. Ila soma kurasa za nyuma za majarida yetu mengi. Utakuta ukubwa wa herufi, nafasi kati ya mistari, idadi ya maneno ya ikisiri. Msomaji wa siri anapewa siku ngapi? Akiwa mshindani wa mwandishi, au mkuu wake wa idara, anajiondoa vipi? Mwandishi akiona ameonewa, anakata rufaa kwa nani? Mara nyingi hapo pako kimya.

Wahariri wa Mlimani, Dodoma, Zanzibar, Makerere na Maseno, ombi ni dogo na halihitaji bajeti. Katika toleo lijalo, baada ya maelekezo kwa waandishi, chapeni ukurasa mmoja wa maelekezo kwa wasomaji wenu, mtaje humo siku za kurudisha mswada na mahali pa kukatia rufaa, na mtangaze kila mwaka miswada mingapi iliingia, mingapi ilikataliwa, na kila mmoja ulikaa mikononi mwenu muda gani.