Historia ya tangi la samaki linalovuja: kutoka puti ya risasi hadi silikoni

Tangi la samaki likianza kuvuja, watu wengi hukilaumu kioo. Mara nyingi kioo hakina kosa. Kinachoachia ni maungio, yaani pale kipande kimoja kinapokutana na kingine. Hata ukiifuatilia historia ya akwariamu utaliona jambo hilohilo: kioo kizuri kilipatikana mapema, lakini namna ya kuunganisha vioo viwili ili maji yasipite iliwasumbua watu kwa zaidi ya miaka mia moja. Na jibu lililopatikana mwishoni ndilo linaloeleza kwa nini leo huwezi kupaka gundi mpya juu ya ile ya zamani halafu ukalala usingizi.

Hebu twende taratibu.

Jamaa wa pweza na kodi ya kioo

Mwaka 1832 Jeanne Villepreux-Power, mwanamke Mfaransa aliyekuwa akiishi Messina huko Sicily, alianza kutumia matangi ya kioo kuchunguza viumbe wa baharini. Alikuwa na swali moja lililowagawa wataalamu wa wakati ule. Kuna jamaa mmoja wa pweza, argonauti, anayeishi ndani ya gamba jembamba jeupe. Je, gamba analitengeneza mwenyewe au analiiba kwa kiumbe mwingine, kama wale kaa wa pwani wanaohamia kwenye kombe la konokono? Jeanne alimfuga, akamtazama tangu mdogo, akavunja sehemu za gamba, na akaona linazibwa na mwenye nyumba. Jibu likapatikana: anajijengea mwenyewe.

Kwa watu wengine, tangi la kioo lilikuwa bado kitu cha gharama. Uingereza ilikuwa inatoza kodi kwenye kioo mpaka mwaka 1845. Kodi ilipofutwa bei ikashuka, na mambo yakaenda mbio. Mwaka 1850 mkemia Robert Warington wa London alieleza jinsi alivyoweka samaki, majani ya majini na konokono katika chombo kimoja bila kubadilisha maji kila mara: majani yanatoa oksijeni, konokono wanakula majani yanayooza. Mwaka 1853 bustani ya wanyama ya London ikafungua nyumba ya samaki kwa umma. Mwaka uliofuata Philip Henry Gosse akatoa kitabu kilicholieneza neno lenyewe, *The Aquarium*. Ikawa ni homa: kila sebule ya wenye nafasi ilitaka tangi lake.

Shida ikabaki moja. Zile pembe unazibaje?

Puti yenye sumu

Mafundi wa karne ya 19 walitumia walichokuwa nacho. Sakafu ya tangi iliweza kuwa ya bamba la sleti au mbao, nguzo za pembeni za chuma, na vioo vikaingizwa ndani ya fremu hiyo kwa puti. Puti ya kawaida ni chokaa laini iliyokandwa na mafuta ya kitani. Kwa matangi walitaka kitu kigumu zaidi, kwa hiyo mapishi mengi ya wakati ule yaliongeza oksidi ya risasi, plasta, mchanga na unga wa utomvu wa msonobari.

Mchanganyiko huo ulikuwa unashika kweli. Lakini risasi ni sumu, kwa samaki na kwa mtu anayeikanda kwa mikono. Ndiyo maana vitabu vya wafugaji vilisisitiza kulijaza tangi jipya maji, kuyamwaga, kulijaza tena, na kuacha muda upite kabla ya kutia kiumbe chochote. Baadaye ikaja puti ya lami, ambayo haina ukali ule lakini nayo hukauka na kupasuka.

Fremu za chuma zilikuwa na akili yake. Maji yakijaa yanasukuma kioo kwa nje, kioo kinaibana puti dhidi ya fremu, na tangi linajiziba lenyewe. Kwa hiyo tangi jipya lingeweza kudondosha matone siku mbili tatu, kisha likakauka bila mtu kufanya lolote. Lakini likikaa tupu kwa miezi puti inasinyaa, na likisogezwa fremu inajipinda kidogo tu, basi, uvujaji unaanza upya. Kwa maji ya chumvi ni balaa zaidi, kwa sababu chuma kinaliwa na kutu. Na kurekebisha kulikuwa kazi ya siku nzima: toa vioo vyote, kwangua puti, anza moja.

Mpira uliotokana na mchanga

Kilichomaliza enzi ya puti hakikubuniwa kwa ajili ya samaki. Kuanzia mwishoni mwa karne ya 19, Frederic Kipping, mkemia wa Nottingham, alitumia miongo kadhaa kuchunguza misombo ya silikoni na kaboni. Baadhi ya alichokipata kilikuwa kitu cha kunatanata ambacho hakikumvutia sana, na hata katika mhadhara wake wa mwaka 1936 hakuonyesha matumaini makubwa kuhusu matumizi ya fani hiyo.

Wenzake wa Marekani walikiangalia kile kinato kwa jicho jingine. James Franklin Hyde akiwa Corning, na Eugene Rochow akiwa General Electric, walipata njia za kukitengeneza kwa faida. Mwaka 1943 kampuni ya Dow Corning ilianzishwa, na moja ya kazi za mwanzo za silikoni ilikuwa kuzuia unyevu kwenye mifumo ya kuwashia injini za ndege za kivita zinazoruka juu sana. Baada ya vita zikaja silikoni zinazojigeuza mpira zenyewe kwenye joto la kawaida la chumba. Kufikia miaka ya 1960 watu wakagundua kwamba vioo vitano na gundi hiyo vinatosha kuwa tangi, bila fremu yoyote.

Miaka hiyohiyo ya 1960 na 1970 samaki wenye rangi kali kutoka Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika walianza kusafirishwa kwa wingi kwenda kwa wafugaji wa Ulaya na Marekani. Samaki wa miambani hao, wanaotaka maji magumu na mawe mengi ya kujificha. Fremu za chuma na puti za zamani zisingeyapenda maisha hayo.

Kwa nini silikoni inashika kioo vizuri hivi? Kioo kimejengwa na atomu za silikoni na oksijeni zilizoshikana. Uti wa mgongo wa mpira wa silikoni nao ni silikoni na oksijeni zikipokezana. Gundi ikiwa mbichi, ncha zake za kikemia zinafunga vifungo moja kwa moja na uso wa kioo. Ni ndugu wawili wanaoshikana mikono.

Kinachoikausha si joto, ni unyevu wa hewani. Ile harufu ya siki unayoisikia ukifungua mrija ni asidi ya asetiki inayotoka wakati mmenyuko unaendelea. Nje inakauka kwanza, ndani inafuata polepole, kama milimita mbili tatu kwa siku.

Hapa ndipo palipo kiini cha habari. Silikoni ikishakauka, ncha zile zimekwisha kazi. Ukipaka mpya juu yake, mpya haina cha kushika; inalala tu juu kama kiraka kwenye ngozi yenye mafuta. Leo inaonekana imeziba, wiki ijayo maji yanapita katikati ya tabaka mbili. Kwa hiyo mtu akikwambia "paka tu kidogo hapo panapovuja", mkatalie kwa heshima.

Maji yanasukuma kiasi gani?

Mwaka 1586 Simon Stevin alieleza jambo ambalo mpaka leo linashangaza watu: msukumo wa maji kwenye ukuta unategemea kina, hautegemei wingi wa maji yaliyo nyuma yake. Chukua tangi la urefu wa sentimita 100, upana 40, maji ya kina cha 50. Hizo ni lita 200, yaani kilo 200 za maji. Kioo cha mbele kinasukumwa kwa nguvu sawa na uzito wa kilo kama 125, muda wote, mchana na usiku. Ukiongeza kina mara mbili, nguvu hiyo inakuwa mara nne. Ndiyo maana tangi refu kwenda juu linatisha kuliko tangi pana.

Kioo chenye ufa ni kesi tofauti kabisa. Mwaka 1921 A. A. Griffith alionyesha kwamba nguvu zote zinajikusanya kwenye ncha ya ufa, na ufa ukifika urefu fulani unakimbia wenyewe. Zaidi ya hapo, maji husaidia kukata vifungo vya silikoni na oksijeni palepale kwenye ncha. Kwa hiyo ufa hauzibwi kwa gundi. Kipande hicho kinabadilishwa chote, hasa kikiwa cha sakafu.

Na tusidhani ni mambo ya kale. Tarehe 16 Desemba 2022 tangi kubwa la AquaDom mjini Berlin, lenye lita milioni moja, lilipasuka alfajiri na karibu samaki 1,500 walipotea. Lile lilikuwa la akriliki, si kioo, na lilikuwa limefanyiwa ukarabati mwaka 2020. Mtaalamu aliyelichunguza alitoa dhana tatu bila kuweza kuthibitisha hata moja. Dhana mojawapo: gundi ya maungio iliachia.

Kutengeneza na kujaribu nyumbani

Zima na chomoa vifaa vyote vya umeme kwanza, kisha hamisha samaki na toa maji yote kwa mpira. Usilinyanyue tangi likiwa na maji, hata robo. Likaushe kabisa.

Kama vioo ni vizima na vimeshikana, na kilichoharibika ni ule mstari wa silikoni wa ndani, ng'oa mstari wote wa ndani, pembe zote, kwa wembe. Usiondoe pembe moja tu, maana mpya itakutana na ya zamani mahali fulani na hapo ndipo itakapovuja. Futa kioo kwa spiriti mpaka kidole kisiteleze. Tumia silikoni halisi isiyo na dawa ya kuua ukungu. Zile za bafuni nyingi zina dawa hiyo na samaki watakufa. Fungua madirisha, paka, lainisha kwa mkupuo mmoja, kisha acha. Kwa tangi kubwa, wiki moja ni salama kuliko siku mbili. Kama silikoni iliyo katikati ya vioo ndiyo iliyoachia, tangi linatakiwa kufunguliwa na kuungwa upya, na hiyo ni kazi ya fundi wa vioo.

Jaribio lifanyike nje au kwenye sakafu isiyoharibika, juu ya meza tambarare inayobeba uzito wote, mbali na soketi na watoto. Tandika gazeti kavu chini. Jaza theluthi moja, subiri siku nzima. Kisha theluthi mbili, siku nyingine. Kisha lijae, na liache siku kadhaa. Kila hatua pitisha karatasi ya chooni kwenye pembe za nje. Inaonyesha unyevu ambao jicho halioni. Weka alama ya usawa wa maji kwa utepe.

Maji yakishuka, usikurupuke. Weka pembeni bakuli pana lenye maji, nalo ulitie alama. Vyote vikishuka karibu sawa, gazeti likiwa kavu, huo ni mvuke. Tangi likishuka zaidi ya bakuli, linavuja. Na likishuka halafu likasimama mahali, asante kwa Stevin: tundu liko karibu na usawa huo, maana juu ya tundu kuna msukumo na chini yake hakuna njia.

Likishindwa jaribio mara ya pili, ligeuze liwe nyumba ya mimea au ya konokono wa nchi kavu. Kilo 200 za maji karibu na waya za umeme hazistahili kupewa nafasi ya tatu.