Neno "asili" katika ufugaji wa asili wa nyuki

Bwana nyuki akifika kijijini Sikonge au Manyoni akataja "mizinga ya asili", hakuna anayeuliza maana yake. Ni gogo lililochongwa na kutobolewa, au gome la mti lililokunjwa likafungwa, kisha likatundikwa juu. Mara nyingi ndiyo anayotaka watu waiache. Huko Ulaya na Marekani nako kuna wafugaji wanaojiita wa asili, na wengi wao hutumia masanduku ya mbao zilizopigwa randa. Sasa mfasiri akituandikia "ufugaji wa nyuki wa asili", msomaji wa Tabora ana haki ya kudhani Wazungu wamehamia kwenye magome. Tena kuna utata wa sarufi: wa asili ni nyuki au ni ufugaji? Heri "ufugaji wa asili wa nyuki", hata kama hauteremki vizuri ulimini. Utata huo ukishaondoka, linabaki neno asili lenyewe.

Wanaojiita hivyo wanapinga kitu fulani. Mwaka 1851 Langstroth, mchungaji wa kanisa kule Marekani, alitambua kwamba nyuki wakiachiwa mwanya wa kama milimita 6 hadi 9 hawauzibi kwa gundi wala kuujengea sega. Mwaka uliofuata akapata hataza ya mzinga wenye fremu za kuchomoa. Mnamo 1857 Mjerumani Mehring akaja na karatasi za nta zilizopigwa chapa ya vyumba, nyuki wakawa wanajenga pale na kwa kipimo alichotaka mtu. Mengine yakafuata: malkia kuzalishwa na kubadilishwa, kundi kuzuiwa lisigawanyike, asali kuchukuliwa na nyuki kupewa maji ya sukari badala yake. Sisemi yote hayo ni dhambi. Asali ya dunia inavunwa zaidi kwa fremu za mchungaji yule.

Aliyekwenda njia nyingine naye alikuwa mtu wa kanisa. Padri Émile Warré alihudumu parokia za vijijini kaskazini mwa Ufaransa, na toleo la 12 la kitabu chake lilitoka mwaka 1948. Alitaka mzinga ambao mkulima mwenye kipande kidogo cha ardhi anaweza kuutengeneza mwenyewe. Sanduku lake lina sentimita 30 kwa 30 kwa ndani na kina cha 21. Juu kuna vijiti vinane tu, bila fremu kamili wala karatasi ya nta; nyuki hujijengea masega yao. Sanduku jipya huwekwa chini ya yaliyopo, kwa kuwa nyuki hujenga wakishuka. Majana huhamia chini pamoja nao, na vyumba vya juu vilivyoachwa hujazwa asali, ambayo ndiyo inayovunwa. Alisisitiza pia mzinga usifunguliwe ovyo, joto la ndani lisipotee.

Kwa hiyo "asili" hapa haihusu mti uliotengenezewa mzinga. Mzinga wa gome, ambao sisi tunauita wa asili bila kusita, unaua mti: gome likivuliwa mzunguko mzima, mti wa miyombo uliochukua miaka mingi kukua unakauka. Na mlinaji anayepanda usiku na mwenge unaowaka, akateketeza nyuki na kukata masega yote pamoja na majana, hata gogo la babu yake halimfanyi kuwa mfugaji wa asili. Kwa Mwislamu jambo hili lina uzito wake, maana ipo hadithi inayomtaja nyuki kati ya viumbe wanne waliokatazwa kuuawa, na Kurani ina sura nzima yenye jina lake.

Pamoja na hayo, sioni sababu ya kulitupa neno asili. Tulilipata kutoka Kiarabu, na wanafikihi wanalitumia kwa namna ambayo ingetufaa sana hapa. Umar alipopata shamba kule Khaibar akamwendea Mtume kutaka ushauri, aliambiwa aizuie asili yake na kuyatoa sadaka matunda yake. Huo ndio msingi wa wakfu, ukiwemo wakfu wa familia: shamba haliuzwi, halirithiwi vipande vipande, bali kizazi baada ya kizazi kinakula kitokacho. Asili katika maana hiyo ni shina la mali, kile kisichoguswa ili kiendelee kuzaa. Kundi, malkia, majana, akiba ya chakula na miti inayochanua ndiyo asili. Asali inayozidi ndiyo tunda.

Wakristo watauliza kama hatuna neno la kwao. Lipo: uwakili. Biblia ya Kiswahili inamwita wakili yule msimamizi wa mali ya tajiri katika Luka 16, na makanisa bado yanafundisha uwakili wa ardhi na wa fedha, ingawa siku hizi ukitaja wakili watu wanaona joho la mahakamani. Mchaga mwenye kihamba, yaani shamba la ukoo, anauelewa uwakili huo bila semina. Makaburi ya wazee yamo humo kati ya migomba na kahawa, mizinga imetundikwa kwenye miti ya kivuli, na yeye ameshika zamu tu. Ningetumia uwakili kwa kazi ya mtu, na asili kwa kitu anachokabidhiwa.

Neno lenye mushkeli zaidi kwangu ni ufugaji. Nyuki wa kwetu hafugwi kama mbuzi. Mtu hutundika mzinga, akaupaka nta, akangoja kundi lije lenyewe; likisumbuliwa au maua yakiisha, linahama. Hata kupe wa varoa, aliyewafilisi wafugaji wengi Ulaya, aligunduliwa Kenya mwaka 2009 na makundi yameendelea kuishi naye bila dawa. Lakini "ufugaji" limeshakaa katika sheria na vyuoni, halitoki.

Basi kamusi ningeiandikia hivi: ufugaji wa asili wa nyuki ni kutunza nyuki kwa kuwaacha wajenge masega yao, wazae na wagawanyike wenyewe, na kuvuna ziada tu bila kuharibu kundi wala miti. "Ziada" nimeiacha bila kipimo kwa makusudi. Warré alihesabu kilo 12 za kuwaachia nyuki wavuke majira ya baridi ya Ufaransa. Tabora hakuna theluji. Kuna kiangazi na moto wa msituni, na kiasi cha kuacha anakijua aliyeitazama miyombo mwaka huo ilivyochanua.